Jinsi ya Kuchagua Kipima Umbali cha Leza kwa Shabaha za Mbali na Uwindaji: Mwongozo Kamili

Boksi limeandikwa mita 2,000. Unakitoa kifaa, unakielekeza kwa mnyama aliyesimama mita 700 mchana wa jua kali, na skrini inakuonyesha vistari vitupu. Mtengenezaji hajasema uongo. Hizo mita 2,000 zinapatikana kwa kibao kinachorudisha mwanga kama vile vya alama za barabarani, hewa ikiwa safi na mwanga wa jua ukiwa hafifu. Mnyama ana manyoya ya rangi iliyokoza, mwili wa mviringo unaotawanya mwanga kila upande, na mara nyingi amesimama nyuma ya majani.

Kwa hiyo namba kubwa ya kwenye boksi iache mwishoni. Anza na bunduki yako, kisha upana wa mwale wa leza, kisha swali ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi kabisa: je, mwale unakwenda pale ambapo alama ya kulengea inaonyesha?

Hatua ya 1: Piga hesabu ya kosa unaloweza kuvumilia

Fungua jedwali la mwenendo wa risasi yako, la karatasi au la kikokotoo cha balistiki kwenye simu. Tafuta umbali wa mbali zaidi unaokusudia kupiga. Andika marekebisho yake ya kulenga kwa mili (miliradiani, yaani milimita 1 kwa kila mita 1 ya umbali), kisha andika marekebisho ya umbali huo ukiongeza mita 10. Toa moja kwa jingine, halafu zidisha tofauti hiyo kwa umbali wenyewe kwa mita. Jibu linakuja kwa milimita, nalo ndilo kosa la wima unalopata ukikosea umbali kwa mita 10.

Chukua bunduki ya .308 Winchester yenye risasi ya greni 175 (gramu 11.3 hivi) inayotoka kwenye mtutu kwa kasi ya karibu mita 790 kwa sekunde. Kwenye mita 800, tofauti ya marekebisho kwa kila mita 10 ni takriban mili 0.2. Mara 800, unapata milimita 160, yaani sentimita 16. Risasi hiyo hiyo kwenye mita 300 inakosea sentimita 3 tu kwa kosa lile lile la mita 10. Kwenye mita 600 ni kama sentimita 9, na kwenye mita 1,000 inapita sentimita 25.

Sasa weka shabaha. Ukichukua eneo la moyo na mapafu kuwa duara la sentimita 20, una sentimita 10 juu na 10 chini ya kitovu. Kwenye mita 300 unaweza kukosea umbali kwa mita 30 na bado ukapiga ndani. Kwenye mita 800 una mita 6 tu, na hapo hatujahesabu upepo, mtawanyiko wa bunduki yenyewe wala mkono wako.

Hesabu hii inakupa mambo mawili. La kwanza, anayewinda ndani ya mita 300 hahitaji kifaa cha gharama kubwa: cha kawaida kinachosoma kwa uhakika kinamtosha, na fedha inayobaki aiweke kwenye darubini nzuri. La pili, ule usahihi wa "mita 1 zaidi au pungufu" unaotangazwa kwa mbwembwe si tatizo hata kwenye mita 800. Tatizo ni kichaka kilicho mita 25 nyuma ya mnyama. Kifaa kikisoma kichaka badala ya mnyama, risasi inapita sentimita 40 juu ya ulipolenga, huku skrini ikionyesha namba isiyo na shaka yoyote.

Hatua ya 2: Elewa kinachotokea ukibonyeza kitufe

Kifaa hurusha mpigo mfupi wa mwanga usioonekana, kisha hupima muda hadi urudi. Mwanga huenda mita moja kwa nanosekunde 3.3 hivi, kwa hiyo kwenda na kurudi kwa shabaha ya mita 1,000 ni kama mikrosekunde 6.7. Mpigo mmoja hautoshi, maana unaorudi ni hafifu na umechanganyika na mwanga wa jua. Kifaa hurusha mingi na kujumlisha marejeo hadi ishara ijitokeze juu ya kelele. Ishara hiyo inakua polepole: ukiongeza mipigo mara nne, uwazi wake unaongezeka mara mbili tu. Ndiyo maana baadhi ya vifaa huchukua nusu sekunde au zaidi kutoa jibu kwa shabaha za mbali, na ukitikisika katika nusu sekunde hiyo, kifaa kinajumlisha marejeo ya vitu viwili tofauti.

Jua ndilo adui mkuu. Kifaa kilichosoma mita 1,100 jioni kinaweza kuishia mita 750 saa sita mchana juu ya shabaha ile ile. Anayepima ubora wa kifaa machweo anajidanganya mwenyewe.

Vifaa vingi vya kiraia hutumia mwanga wa nanomita 905. Vya kijeshi na baadhi ya vile vya daraja la juu hutumia 1,550. Huo wa pili hufyonzwa na sehemu ya mbele ya jicho kabla ya kufika kwenye retina, hivyo kanuni za usalama zinaruhusu mpigo wenye nguvu zaidi. Lakini maji nayo hufyonza mwanga huo, kwa hiyo theluji na vitu vilivyolowa humrudishia mtumiaji ishara dhaifu. Kwa mwindaji wa kawaida 905 inatosha. Usilipe zaidi kwa sababu ya namba hiyo peke yake.

Kwenye kibandiko cha usalama tafuta daraja la leza. "Class 1" ni salama kwa matumizi ya kawaida. "Class 1M" inaweza kudhuru jicho la mtu anayeangalia mwale huo kupitia darubini, na porini wenzako karibu wote wana darubini. Kwa vyovyote vile, kifaa hakielekezwi usoni mwa mtu.

Hatua ya 3: Upana wa mwale, mahali pa kuweka fedha yako

Mwale wa leza hautoki ukiwa mwembamba kama uzi hadi mwisho. Unapanuka kadiri unavyokwenda. Kupanuka huko hupimwa kwa miliradiani, na hesabu yake ni nyepesi: miliradiani moja ni mita moja kwenye umbali wa mita 1,000, nusu mita kwenye mita 500.

Kifaa chenye mwale wa miliradiani 2.5 kwa 1.25 kinamulika eneo la mita 2 kwa mita 1 kwenye mita 800. Kifua cha mnyama wa ukubwa wa kati kina kina cha sentimita 40 hadi 45. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwanga inapita pembeni na kugonga nyasi zilizo mbele, kilima kilicho nyuma, au vyote viwili. Kifaa chenye mwale wa 1.2 kwa 0.5 kwenye umbali huo kinamulika karibu mita 0.96 kwa 0.4. Upande mmoja bado ni mrefu kuliko kina cha kifua, lakini sehemu kubwa zaidi ya mwanga inaangukia mnyama.

Kuna sababu ya pili ya kutaka mwale mwembamba. Shabaha ikiwa pana kuliko mwale, kama ukuta au kilima, nguvu inayorudi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali: umbali mara mbili, ishara robo. Shabaha ikiwa ndogo kuliko mwale, hupungua kwa kipeo cha nne: umbali mara mbili, ishara moja ya kumi na sita. Hapo ndipo kifaa kinachosoma kilima cha mita 1,800 bila shida kinapogota kwa mnyama wa mita 900.

Umbo la mwale nalo lina maana. Chanzo cha leza ndani ya vifaa hivi ni ufito mwembamba, kwa hiyo mwale hutoka ukiwa mstatili, mrefu upande mmoja. Upande mrefu ukiwa wima na wewe umelala tambarare, ncha ya chini ya mwale inakwangua nyasi njia nzima na unasoma nyasi. Ukiwa mlalo, mwale unapita juu ya nyasi lakini unagusa miti ya pembeni. Tafuta kwenye maelezo ya kiufundi upande upi ni upi. Yasiposema, jaribio la hatua ya 8 litakuonyesha. Na ukishajua, una mbinu ya bure: kigeuze kifaa nyuzi 90 mkononi, na mwale unageuka nacho.

Mtengenezaji asiyetaja kabisa upana wa mwale mara nyingi ana sababu. Kati ya vifaa viwili vya bei moja, kimoja kikitangaza mita 3,000 bila kutaja mwale na kingine mita 1,800 chenye mwale wa miliradiani 1.3, chukua cha pili.

Hatua ya 4: Soma namba za umbali kwa jicho kavu

Watengenezaji makini hutoa namba tatu: kibao kinachorudisha mwanga, mti, na mnyama. Ikitolewa moja tu, ichukulie kuwa ya kibao. Kutoka hapo, kadiria mnyama kwa theluthi moja hadi nusu yake, na uegemee theluthi ikiwa unawinda mchana wenye jua.

Kwa kununua, geuza hesabu. Chukua umbali wako wa mbali kabisa wa hatua ya 1 na uuzidishe kwa tatu. Anayepiga hadi mita 400 atafute kifaa cha mita 1,200 na kuendelea. Anayepiga shabaha za chuma kwenye mita 1,000 atafute cha mita 3,000, ingawa chuma kilichopakwa rangi nyeupe na kilichosimama wima kinasomeka kirahisi kuliko mnyama.

Angalia kama namba ni yadi au mita. Yadi ni mita 0.9144, kwa hiyo "2,000" ya yadi ni mita 1,829. Dukani, hilo ni jambo dogo. Kwenye bunduki si dogo: skrini ikisema 600 kwa yadi na wewe ukarekebisha kwa mita 600, umeongeza mita 51, na kwenye umbali huo ni karibu nusu mita juu ya shabaha.

Hatua ya 5: Umbo la kifaa

La jicho moja ndilo jepesi na la bei nafuu. Linaingia mfukoni, lina ukuzaji wa mara 6 au 7 na lenzi ya mbele ya milimita 21 hadi 25. Udhaifu wake ni kwamba unabeba vitu viwili: unamwona mnyama kwa darubini, unaishusha, unachukua kifaa, unaanza kumtafuta upya. Mnyama aliyekwisha kushtuka hakungoji.

Darubini ya macho mawili yenye leza ndani yake inaondoa hatua hiyo, na ni rahisi kuituliza kwa sababu ina uzito na inashikwa kwa mikono miwili. Inagharimu zaidi na inachosha shingo. Kwa anayekaa saa nyingi akichunguza mabonde, hii ndiyo sahihi. Zingatia kioo chake: ndani kuna tabaka linalokata mwanga karibu na rangi nyekundu ili kulisaidia leza, na kwenye modeli za bei ya chini tabaka hilo huacha picha yenye rangi ya bluu au kijani kidogo. Manyoya ya kahawia kwenye kivuli hupotea katika rangi hiyo.

Kuna vya kufunga juu ya bunduki, au vilivyomo ndani ya darubini ya bunduki. Vinaharakisha kazi, lakini vinakulazimu kuelekeza mtutu kwa kila kitu unachotaka kupima, hata ambacho hujakitambua. Hiyo ni tabia mbaya. Isitoshe, sheria za uwindaji za maeneo kadhaa zinakataza vifaa vya kielektroniki vilivyofungwa kwenye silaha. Soma masharti ya kibali chako kabla ya kulipa.

Na vile vya gofu? Viachie gofu. Vimetengenezwa visome kitu kilicho karibu zaidi, yaani bendera mbele ya miti. Porini kilicho karibu zaidi ni nyasi.

Hatua ya 6: Kioo na skrini

Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji: 25 kwa 7 ni milimita 3.6, na 42 kwa 10 ni 4.2. Huo ndio upana wa mwanga unaofika jichoni. Chini ya 3, alfajiri na machweo utahangaika.

Skrini nyeusi ya LCD inaonekana vizuri mchana na hutumia umeme kidogo, lakini hupunguza mwanga unaopita na hupotea kabisa juu ya mnyama mweusi au kivuli. Ya taa nyekundu inaonekana popote, ila iwe na ngazi za kupunguza mwangaza hadi chini sana; taa kali machweo hukupofusha kwa sekunde kadhaa. Alama ya kulengea iwe ndogo: duara linalomfunika mnyama mzima kwenye mita 600 halikusaidii kuchagua unachopima. Mvaa miwani apime kama anaona kingo zote za picha.

Kinga ya maji iwe IPX7, ambayo maana yake ni kuvumilia kina cha mita 1 kwa dakika 30. IPX4 ni ya matone ya mvua tu.

Hatua ya 7: Namna za kusoma, pembe, na balistiki ya ndani

Kifaa kizuri hukuruhusu kuchagua rejeo lipi lionyeshwe pale mwale unapogonga vitu kadhaa. "Cha kwanza" ni kwa mnyama aliye wazi mbele ya kilima. "Cha mwisho" ni kwa mnyama nyuma ya nyasi, matawi, mvua au ukungu. "Chenye nguvu zaidi" ndicho kifaa huja nacho mara nyingi, na ndicho kinachokuletea umbali wa jiwe jeupe lililo karibu na mnyama. Kama huwezi kubadili namna hizi bila kuzama kwenye menyu ndefu, tafuta kifaa kingine. Kusoma mfululizo ukishikilia kitufe ni lazima pia.

Pembe: ukipiga kuelekea mlimani au bondeni, mvutano wa ardhi hufanya kazi kwa umbali wa mlalo. Zidisha umbali wa mteremko kwa kosaini ya pembe. Nyuzi 20 ni 0.94, nyuzi 30 ni 0.87, nyuzi 45 ni 0.71. Mita 400 kwa nyuzi 30 hupigwa kama mita 346. Kifaa chenye kipima pembe hufanya hesabu hii chenyewe, na kwa wawindaji wa hadi mita 400 hivi hiyo inatosha. Mbali zaidi, njia hiyo huanza kukupeleka chini ya shabaha, kwa sababu risasi bado inasafiri hewani umbali wote wa mteremko na kupunguzwa kasi njia nzima.

Hapa kuna kosa linalowapata hata wazoefu. Kifaa kimewekwa kuonyesha umbali uliorekebishwa. Mpigaji anaingiza umbali huo kwenye kikokotoo cha simu, kisha anaingiza na pembe. Pembe imehesabiwa mara mbili: mita 600 kwa nyuzi 30 ni 520, na kikokotoo kinaipunguza tena hadi kama 450. Risasi inaanguka chini kabisa ya mnyama. Kanuni ni moja: ukitumia kikokotoo cha nje, weka kifaa kionyeshe umbali wa moja kwa moja na pembe, vikiwa vimetenganishwa.

Balistiki ya ndani, yaani kikokotoo cha mwenendo wa risasi kilichomo ndani ya kifaa, ni starehe nzuri ikiwa ina vipimo vya kanieneo ya hewa na joto. Angalia mambo matatu. Je, programu yake ina ukomo? Katika baadhi ya vifaa huishia yadi 800, na mbele ya hapo lazima uunganishe na kipima hali ya hewa au simu. Je, inasoma kanieneo halisi ya mahali ulipo, au inakutaka uingize ile iliyorekebishwa kwa usawa wa bahari? Ukichanganya hizo mbili mahali pa juu, marekebisho yote yanaharibika. Na joto: kifaa kilichotoka mfukoni kinasoma joto la mwili wako, kwa hiyo kiache nje dakika kadhaa. Kama kina dira, kishike mbali na mtutu, chuma huipotosha. Upepo hakipimi, hata kiwe cha bei gani.

Hatua ya 8: Kijaribu kabla muda wa kurudisha haujaisha

Nunua mahali panapokubali kurudishiwa, kisha fanya haya katika siku za kwanza. Utahitaji stendi ya miguu mitatu, futi ya kupimia, na ubao wa sentimita 45 kwa 45 uliopakwa rangi ya kahawia isiyong'aa.

1. *Usahihi.* Pima mita 50 na mita 100 kwa futi hadi ukutani, kisha soma mara kumi kila moja. Tofauti ya zaidi ya mita 1 ni dalili mbaya. Kwa mita 500 na kuendelea linganisha na picha za setilaiti za ramani ya simu, ukikubali tofauti ya mita chache za ramani yenyewe.

2. *Ulinganifu wa mwale na alama.* Hili ndilo jaribio muhimu kuliko yote. Tafuta nguzo moja, mita 200 hadi 300, ambayo nyuma yake ni anga tupu au kilima cha mbali sana. Funga kifaa kwenye stendi, washa kusoma mfululizo, anza na alama ikiwa kushoto kwa nguzo na usogeze taratibu kuelekea kulia. Chora kwenye karatasi mahali alama ilipokuwa namba ya nguzo ilipotokea, na ilipopotea. Rudia kutoka kulia. Kisha tafuta kitu cha mlalo, kama ukingo wa paa lenye anga nyuma yake, na ufanye vivyo hivyo kutoka juu kwenda chini. Utabaki na mchoro wa mwale ulivyo ndani ya alama. Ukiwa katikati, vizuri. Ukiwa pembeni kidogo ndani ya duara, unaweza kuishi nao kwa kukumbuka ni wapi hasa kifaa kinasoma. Ukiwa nje ya alama, rudisha kifaa siku hiyo hiyo.

3. *Upana halisi.* Mchoro huo huo unakuonyesha upande mrefu wa mwale, kama maelezo ya kiufundi yalinyamaza.

4. *Shabaha ngumu.* Simamisha ubao wa kahawia mahali ambapo nyuma yake kuna nafasi ya mita 50 au zaidi. Ukiwa na stendi, soma mara kumi saa sita mchana, jua likiwa kali. Rudi nyuma mita 100, soma tena. Umbali wa mwisho ambapo kifaa kinasoma ubao wenyewe mara nane kati ya kumi ndio umbali wake wa kazi. Uandike na kalamu ndani ya mfuko wake. Lowesha ubao ujaribu tena, na utaona unavyopungua.

5. *Nyasi.* Weka ubao nyuma ya nyasi za urefu wa goti na ujaribu "cha kwanza" na "cha mwisho". Kifaa kinachotoa namba ile ile kwa namna zote mbili hakitenganishi marejeo yaliyo karibu.

6. *Pembe.* Kilaze juu ya simu yenye programu ya pimamaji, au ulinganishe nayo kwa kuvielekeza vyote viwili juu ya jengo. Tofauti ya nyuzi 1 haina madhara. Nyuzi 5 zina.

7. *Kumbukumbu.* Toa betri, subiri dakika moja, rudisha. Kama mita zimegeuka yadi, umejua utakachokagua kila mara.

Kukitumia porini

Fika mapema upime vitu visivyokimbia: mti, jiwe, ukingo wa korongo. Andika umbali wake kwenye kadi. Mnyama akitokea kati ya jiwe la mita 310 na mti wa mita 340, tayari unajua unachohitaji bila kubonyeza chochote.

Tuliza kifaa. Kwenye mita 1,000 kifua cha sentimita 45 ni miliradiani 0.45, na mkono mtupu hutikisika zaidi ya hapo. Stendi, mkoba, fimbo, gogo, chochote. Tundu la skrubu lililo chini ya kifaa kwa kawaida ni la robo inchi, lile lile la kamera.

Soma mara tatu na uchukue namba inayojirudia. Ukipata 612, 611 na 648, ile 648 ni kitu kilicho nyuma. Ukipata namba tatu tofauti, hujasoma chochote bado. Mnyama akikataa kabisa kusomeka, pima ardhi miguuni pake ikiwa kuna mteremko unaokutazama, kisha kitu kilicho mbele yake kidogo na kilicho nyuma yake kidogo. Nafasi kati ya vitu hivyo ikizidi kosa ulilolihesabu kwenye hatua ya 1, usipige.

Vumbi, moshi na mazigazi ya mchana hutawanya mwale. Kioo cha gari huurudisha: shusha dirisha.

Betri, matunzo na vilivyotumika

Vifaa vingi hutumia CR2 ya volti 3, vingine CR123A. Beba ya akiba kila safari, maana ishara ya betri kwenye skrini huweza kuonyesha imejaa hadi dakika za mwisho. Baridi huzidhoofisha, weka ya akiba mfuko wa ndani. Futa lenzi kwa kupuliza vumbi kwanza ndipo upanguse kwa kitambaa laini. Vumbi lililokauka kwenye lenzi ya kupokelea hupunguza umbali kabla hujaona tofauti yoyote kwa jicho.

Ukinunua kilichotumika, usikubali kijaribiwe ndani ya nyumba au kwa ukuta wa jirani. Toka nacho nje, fanya jaribio la nguzo, elekeza lenzi kwenye mwanga utafute ukungu wa kuvu ndani, na ufungue mlango wa betri: kutu ya kijani kwenye vyuma vyake inamaanisha betri iliwahi kuvuja humo ndani, na bei ishuke au uondoke.